Kidole cha Fundi Kioo

Kama uliwahi kupitisha kiganja kwenye ukuta wa nyumba ya mtu ukashangaa kwamba hakuna hata punje moja ya mchanga inayokukwaruza, basi huenda ukuta huo ulipigwa plasta na Fundi Kioo. Jina la Kioo alipewa na mafundi wenzake, naye hakulikataa. Sifa alikuwa anazipenda yule bwana, tusimfichie. Wengine wakishamaliza kwa mwiko na ubao wanakusanya vifaa na kwenda zao. Yeye alikuwa anaweka mwiko chini, anakunja mikono ya shati na kuanza upya kwa vidole vitupu, taratibu, akitafuta vijitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Ukimwambia avae glavu, anakujibu kwamba glavu haina macho. Alifanya hivyo kwa miaka thelathini na moja, na saruji inakula ngozi. Hakuona ubaya wowote. Hiyo ndiyo mikono iliyowasomesha mapacha wake mpaka wakaenda kujitegemea.

Kitu kingine alichojivunia ni benki yake. Miaka kumi na tisa nyuma, benki kubwa ilijenga tawi pale mjini, na ukumbi wote wa chini ukapigwa plasta na yeye. Siku ya kufungua, meneja alimpa mkono mbele za watu. Fundi Kioo alivimba kichwa hadi kofia ikambana, akafungua akaunti palepale kwa malipo ya kazi ile ile. Sahihi aliyoweka siku hiyo ilikuwa na mikia mitatu, sahihi ya mtu aliyefurahi. Tangu hapo kadi ya benki ilikaa mfuko wa shati, upande wa moyo, ncha ikichungulia nje, hata akiwa juu ya jukwaa la kazi na vumbi limemjaa hadi kwenye kope.

Sasa, mafundi wa eneo lile walikuwa na chama chao cha akiba na mikopo. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la mbao: mabenchi sita, meza, kabati la chuma, na feni iliyozunguka siku ikipenda. Mweka hazina alikuwa muuza vifaa vya ujenzi ambaye kila mtu alimwita Mama Misumari. Walimkaribisha Fundi Kioo mara mbili. Mara ya pili alisimama mlangoni, hata kukaa hakutaka, akawaambia wote waliokuwapo kwamba hela yake yeye hailali kwenye kopo, inalala kwenye jengo lenye lifti. Wachache walicheka kwa kumstahi. Fundi bomba mmoja, aliyekuwa pale kuomba mkopo wa mashine ya kukatia mabomba, hakucheka. Aliinamisha kichwa tu akatazama viatu vyake.

Na huyu bwana hakuishia hapo. Alifika nyumbani akamsimulia mkewe, tena kwa kicheko, kisha akaongeza kwamba asije akasikia mtu wa nyumba yake amekwenda kukaa kwenye yale mabenchi. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa kwenye cherehani akishona sare za shule. Alisema haya, akaendelea kukanyaga cherehani yake.

Yakapita miaka, mpaka macho ya Mama Pacha yakaanza kumsumbua. Kwanza alishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Kisha akashona mfuko wa kaptula kwa nje, akaambiwa na mteja, akacheka mpaka machozi yakamtoka, lakini jioni ile hakula vizuri. Hospitali wakasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kulia lina hali mbaya zaidi. Alitakiwa kupasuliwa. Alipewa tarehe, siku ya Jumatatu, na malipo yalitakiwa yawe yamekamilika kabla ya siku hiyo. Muuguzi aliwaeleza wazi: daktari wa macho ni mmoja, wagonjwa ni wengi, anayekosa tarehe yake anarudi mkiani mwa orodha, na mkia huo ni miezi mitatu.

Fundi Kioo akagonga mfuko wa shati kwa vidole viwili. Akamwambia mkewe hela ipo benki, yeye kazi yake iwe kufikiria tu atakachotaka kukitazama kwanza. Mama Pacha alisema atatazama uso wa mtu anayejisifu hivyo. Wakacheka wote wawili, wakarudi nyumbani wameshikana mikono, mmoja akimwongoza mwenzake kwenye matuta ya barabara.

Jumanne ya wiki iliyofuata alikwenda benki. Kadi ilikuwa imekwisha muda, lakini hilo halikumtisha, kadi si inabadilishwa. Alichukua namba, akakaa saa mbili na nusu akisubiri madirisha saba ambayo ni mawili tu yaliyokuwa na watu. Hatimaye akaitwa. Karani alikuwa binti mdogo, wa rika la mapacha wake, na alimpa shikamoo kama inavyotakiwa. Akamwambia siku hizi kuna mfumo mpya, kila huduma inaanza na kidole, akamsogezea kijimashine chenye kioo kidogo. Fundi Kioo akaweka kidole gumba. Ikawaka taa nyekundu. Akakifuta kwenye suruali, akaweka tena, nyekundu. Cha shahada, nyekundu. Mkono wa pili, nyekundu. Vidole vyote kumi vikapita pale kimoja kimoja, na watu kwenye foleni wakaanza kurefusha shingo.

Binti akainama karibu na tundu la kioo, akashusha sauti.

"Mzee wangu, mashine inasema huna alama za vidole."

Alidhani ni utani, akacheka. Kisha akavigeuza vidole vyake akavitazama, na nadhani ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuvitazama. Vilikuwa vitupu. Hakuna mistari, hakuna mizunguko, ngozi imelala kimya. Akaanza kujieleza kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka, kwamba yeye si mtu wa kuja, kwamba huo ukuta ulio nyuma ya binti ni kazi yake, aulizie. Binti akageuka kwa heshima kuutazama. Hapakuwa na ukuta. Walikuwa wameufunika wote kwa bango kubwa la familia inayotabasamu, baba ameshika ufunguo wa nyumba. Yule binti akamrudishia macho ya huruma. Afadhali angemtukana.

Kutoka hapo akazungushwa, mwenzangu, akazungushwa hasa. Aliambiwa alete barua ya serikali ya mtaa, akaileta. Barua ikaenda makao makuu, majibu siku kumi na nne za kazi. Alipiga namba ya huduma kwa wateja, ukapigwa muziki mpaka salio likaisha. Alipoweka salio jingine, ule muziki ukaanza mwanzo. Katikati ya wiki ya pili simu ikalia, moyo ukamruka, kumbe ni ujumbe: mpendwa mteja, makato ya mwezi yamefanyika, asante kwa kutuamini. Makato hayo, angalia, hayakudai kidole cha mtu.

Siku ya kumi na nne iliangukia Ijumaa, siku tatu kabla ya upasuaji. Alivaa shati lake la kwendea harusi. Karani akafungua faili, akampa karatasi aweke sahihi, akaweka. Binti akailinganisha na ile ya miaka kumi na tisa nyuma. Ya zamani ilikuwa na mikia mitatu, hii mpya ilikuwa na mmoja tu, tena unatetemeka. Wakampa karatasi ya pili, na ya tatu. Jitahidi ujitahidivyo, furaha ya siku ile huipati kwa kuambiwa uirudie. Makao makuu walitaka sahihi ifanane, kwa hiyo barua ingeanza safari upya, siku nyingine kumi na nne. Akaomba kumwona meneja, akaambiwa yuko kikaoni. Mlinzi akaja akamshika kiwiko kwa upole, akamwambia, mzee, tuwapishe na wengine. Akapisha.

Angeweza kwenda nyumbani akasema. Hapo ndipo ninapomlaumu, na yeye mwenyewe anajilaumu mpaka leo. Mke alikuwa na haki ya kujua. Lakini mtu aliyegonga mfuko wa shati kwa miaka kumi na tisa, aanzie wapi kusema kwamba benki yake haimjui? Alijikaza Jumamosi, akajikaza Jumapili. Jumatatu alfajiri Mama Pacha alikuwa ameshaoga, kibegi kiko mlangoni, hajaweka kitu tumboni kama alivyoagizwa. Kitambaa alichojifunga kichwani kilikuwa kipya. Fundi Kioo akatoka uani, akajifanya anaongea na simu, akarudi ndani.

"Wamepiga kutoka hospitali, Mama Pacha. Daktari anaumwa. Tusubiri."

Mama Pacha aliweka mkono juu ya kibegi. Kisha akauliza daktari anaumwa nini.

Hilo hakuwa amelipanga. Akasema tumbo. Mkewe akasema maskini, mtu anatibu wenzake halafu mwenyewe analala hoi, akakaa akamwombea dua palepale, na kitambaa chake kipya kichwani. Fundi Kioo akasema anakwenda kazini. Hakuwa na kazi siku hiyo. Alizunguka nyuma ya soko mpaka jua likawa kali.

Kila jioni aliulizwa, daktari anaendeleaje. Siku ya pili akajibu anapata nafuu. Siku ya nne, kwa kuogopa swali linalofuata, akasema amezidiwa. Mama Pacha akataka kujua kama ana mke, na watoto wangapi, na nani anawapikia. Ikabidi ampe daktari mke na watoto wanne. Uongo ule ulikuwa unakua mikononi mwake, hajui auweke wapi.

Siku ya saba sindano ya cherehani ikamwingia Mama Pacha kwenye kidole cha shahada, ikatokea upande wa pili. Alikuwa anajaribu kumalizia sare za watu, na kitambaa alikuwa anakiona kama moshi. Fundi Kioo alimkuta amekaa chini, mkono ameuinua juu, damu imefika kwenye kiwiko. Alimwosha kidole kile, akakifunga kwa kipande cha kitambaa cha bluu cha sare, akapiga fundo lake la kazini, lile la kufungia kamba za jukwaa, kwa sababu ndilo pekee analolijua. Mkewe akasema hakuna neno, daktari akipona yote yatakwisha. Fundi Kioo akakaza fundo. Akasema tu, pole mke wangu, na aibu aliyoisikia siku ile alikuja kusema kwamba hata kuvuliwa nguo sokoni kungekuwa nafuu.

Kesho yake akapiga moyo konde akaenda dukani kwa Mama Misumari. Alinunua misumari nusu kilo asiyoihitaji, akasimama tu pale. Mama Misumari akamwambia, shemeji, sema. Akasema, akitazama mizani. Mwenye duka alimsikiliza hadi mwisho, akamtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaeleza utaratibu. Mtu mgeni anaweza kulipa kiingilio na kuomba mkopo wa hospitali siku hiyo hiyo, mradi wanachama wawili wamdhamini. Chama hakina mashine ya vidole, lakini anayeomba anasimama mbele ya wenzake, anaeleza shida yake kwa mdomo wake, na anajibu kila anachoulizwa. Kesho Jumatano, saa kumi. Akamwambia pia kwamba akifika huko asipunguze neno.

Aliingia kichwa chini. Feni siku hiyo haikupenda. Mabenchi yalikuwa yamejaa, na yeye hakutazama uso wa mtu, aliona magoti na viatu tu, viatu vya mafundi, vyenye rangi na saruji kavu. Akaitwa mbele. Akatoa kofia.

Akaeleza. Alianza na kadi, akaja kwenye mashine, akafika kwenye sahihi. Sauti ilikuwa inamkatika lakini hakupunguza. Akasema pia, hakuna aliyemuuliza, kwamba anakumbuka alichokisema mlangoni pale kuhusu kopo na lifti, na kwamba anaona haya. Ndipo yule fundi bomba, mvi zimeshamwingia, akainua mkono. Fundi Kioo akajiandaa kulipizwa dharau yake.

"Mkeo anajua?" fundi bomba akauliza, basi.

"Hajui," akasema Fundi Kioo. "Nimemwambia daktari anaumwa. Jana sindano imemtoboa kidole kwa kutoona, nimemfunga, na bado sikumwambia. Hela naitafuta, lakini hiyo ndiyo shida yangu kubwa."

Si jana, ilikuwa juzi, lakini siku zilikuwa zimemchanganyikia. Mama Misumari akauliza nani anamdhamini. Mikono ikakaa mapajani. Mmoja akakohoa. Fundi Kioo akahesabu vigae vya sakafu, alifika cha kumi na moja, akainua macho ili aage aondoke kwa adabu. Akaona mkono mmoja umenyooka, benchi la mwisho kabisa, kwenye kona isiyo na mwanga. Kidole cha shahada kilikuwa kimefungwa kitambaa cha bluu, na fundo lilikuwa la jukwaa.

"Mimi namdhamini," akasema Mama Pacha.

Fundi Kioo akashika meza. Mkewe akasimama, akishikilia bega la jirani aliyemleta. Hakuwa anamwona vizuri kutoka kule, alikuwa anaongea na pale sauti ilipotokea. Akasema ni mwanachama mwaka wa saba huu, vijisenti vya sare, na hakusema nyumbani kwa sababu alikatazwa. Akiba yake ya upasuaji imo kwenye lile kabati, na ingetosha tangu mwanzo. Hakuitoa kwa sababu mume wake alisema hela ipo, na alisema kwa raha sana, akaona asimwondolee raha yake. Leo amekuja kuomba hela yake atafute daktari mwingine, mzima wa afya.

Midomo ikamcheza.

"Nimemwombea yule daktari siku tisa," akasema. "Yeye, na mke wake, na wale watoto wanne."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililommaliza. Angezomewa, angalau angepata la kufanya na uso wake. Alisimama pale, mtu mzima wa miaka hamsini na saba, kofia mkononi, machozi yakimtoka, na watu wote wakitazama kwingine kumstahi, kama walivyomstahi siku ile ya kopo. Kisha fundi bomba akainua mkono wa pili wa udhamini.

Kitabu cha uanachama cha Fundi Kioo kikafunguliwa. Mama Misumari akamchovya kidole gumba kwenye wino akakikandamiza pembeni ya jina. Kikatoka kidoa cheusi, mviringo, kitupu kabisa. Wakakitazama. Mama Misumari akachukua kalamu, akaandika chini yake, "Ni chake, tunamfahamu," akafunga kitabu.

Hela ya Mama Pacha ilitolewa dakika hiyo hiyo. Hospitali, muuguzi alimsema Fundi Kioo mbele ya mkewe kwa kuikosa tarehe, naye akasikiliza yote bila kujitetea. Walirudishwa mkiani, kama walivyoambiwa. Kwa wiki tano alimwongoza mkewe kila aendako, akamtungia nyuzi, akapika, mpaka mgonjwa mmoja wa mbali alipokosa kutokea, wakapigiwa simu. Kweli, safari hii. Jicho la kushoto lilifunguka vizuri. La kulia lilikuwa limecheleweshwa mno. Linaona mwanga na vivuli, basi. Daktari alisema huenda hata mapema lisingepona. Huenda. Fundi Kioo amelishika hilo neno, lakini halimsaidii.

Benki walimpigia miezi mitatu baadaye kwamba barua imekubaliwa. Alikwenda akatoa yote. Kwenye fomu kulikuwa na mstari mfupi wa kuandika sababu ya kufunga akaunti. Akaandika: "Hamnijui." Wakamkata ada ya kufunga, akaipokea risiti, akamshukuru yule binti, maana yeye hakuwa na kosa. Hela aliipeleka nyuma ya ghala la mbao ikiwa ndani ya mfuko wa shati ule ule.

Sasa Jumatano wanakwenda wote wawili. Wiki iliyopita Mama Pacha alikuwa mlangoni, mkoba begani, akimsubiri mumewe avae viatu. Alikuwa amekishika kitabu cha chama cha mumewe, anakisogeza karibu na jicho la kushoto, anasoma kila kitu siku hizi, hata maandishi ya kwenye sabuni. Alifika kwenye kile kidoa kitupu na maneno yaliyo chini yake, akakaa nacho kidogo.

"Baba Pacha," akasema, bila kuinua uso. "Hivi yule daktari wako, tumbo lilipona?"

Fundi Kioo akainama haraka kufunga kamba za viatu vyake, viatu ambavyo, tangu avinunue, havikuwahi kuwa na kamba.